Namba za Kiini Cheusi: Taswira ya Ubongo Isimcheleweshe Mgonjwa wa Parkinson

Katika kliniki za magonjwa ya mishipa ya fahamu si jambo geni kumwona mzee akiingia na bahasha kubwa ya picha kwapani, na mkono wake wa kulia ukianza kutetemeka juu ya goti mara tu anapoketi. Ukoo umechanga, pengine ng'ombe ameuzwa, ili mzee apate kipimo cha CT-skani au MRI. Karatasi iliyomo ndani ya bahasha inasema kwamba ubongo wake ni wa kawaida kwa umri wake. Hapo ndugu hugawanyika. Wapo wanaosema mzee haumwi bali anazeeka. Wapo wanaosema jambo hili si la hospitali. Na wapo wanaotaka zichangwe fedha nyingine kwa ajili ya kipimo kikubwa zaidi. Mzee mwenyewe, ambaye hawezi tena kufunga vifungo vya shati lake, hunyamaza.

Karatasi ile haikusema uongo. Ilijibu swali ambalo mzee hakuuliza. CT-skani na MRI ya kawaida huonyesha kiharusi, uvimbe, damu iliyovuja au maji yaliyojaa kichwani. Haziwezi kuonyesha kufa kwa seli chache zilizo katika eneo lenye upana wa milimita kadhaa tu, na ugonjwa wa Parkinson huanza kumnyang'anya mtu mwendo wake katika eneo hilo dogo.

Katika miaka ya karibuni watafiti wa nchi zenye mashine kubwa wamepata njia za kulipima eneo hilo kwa namba. Hayo ni maendeleo ya kweli na yanastahili heshima. Hata hivyo, maoni ya makala haya ni kwamba namba hizo kwa sasa ni chombo cha utafiti. Zisigeuzwe lango ambalo mgonjwa lazima alipite ndipo atambuliwe na kupewa dawa. Katika mazingira ya Afrika Mashariki, kosa la kuzisubiri namba hizo lingelipwa kwa miaka ya maisha ya watu.

Makao ya ugonjwa

Ubongo wa kati ni sehemu fupi iliyo juu ya shina la ubongo. Ndani yake, upande wa kulia na wa kushoto, mna tabaka jembamba la seli zenye rangi nyeusi ambayo huonekana hata kwa macho matupu ubongo unapokatwa. Wataalamu huliita substansia nigra, yaani kitu cheusi. Hapa litaitwa kiini cheusi. Seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayosafirishwa hadi kwenye vituo vya ndani vya ubongo vinavyoratibu mwendo. Dopamini ikipungua, mwili hautii amri kwa wepesi: hatua hufupika, uso hupoteza bashasha, sauti hufifia, na mwandiko huwa mdogo kadiri mstari unavyosonga mbele.

Rangi ile nyeusi huitwa neuromelanini. Hutokana na mabaki ya dopamini yenyewe kadiri miaka inavyopita, na haina uhusiano na rangi ya ngozi. Mtu mweusi na mtu mweupe wote wanayo, na watu wenye ualbino pia wanayo kama kawaida. Jambo hili linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu zipo dhana kwamba weusi wa ngozi humkinga mtu na ugonjwa huu. Kinga ya namna hiyo haipo.

Daktari James Parkinson wa London alipouandika ugonjwa huu mwaka 1817, hakuwa na mashine yoyote. Alieleza habari za watu sita, na baadhi yao aliwaona barabarani tu. Iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka mia moja kupata mahali pake: mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff alionyesha katika tasnifu yake jijini Paris kwamba kiini cheusi cha wagonjwa waliofariki kilikuwa kimeharibika. Mwaka 1960, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz jijini Vienna waligundua kuwa bongo za wagonjwa hao zilikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza jijini humo walichomwa sindano ya levodopa, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Baadhi ya waliokuwa hawawezi kuinuka waliinuka. Dawa hiyo, ambayo siku hizi hutolewa kwa vidonge pamoja na karbidopa, bado ndiyo tegemeo kuu la matibabu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mpangilio wa historia hii una funzo. Ugonjwa ulitambuliwa kwa macho, mahali pake pakajulikana kwa uchunguzi wa maiti, na dawa ikapatikana, kabla mtu yeyote hajaweza kukiona kiini cheusi ndani ya kichwa cha mtu aliye hai.

Kinachopimwa na namna kinavyopimwa

Njia za sasa ni kadhaa, na kila moja hupima kitu chake.

Ya kwanza hupima neuromelanini. Rangi hiyo hushikana na madini ya chuma, na katika aina maalumu ya MRI kiini cheusi hung'aa kuliko sehemu zinazokizunguka. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2006, kwa mashine yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 3, kwamba mng'ao huo hupungua kwa wagonjwa wa Parkinson. Leo programu za kompyuta huweza kuukadiria ukubwa wa eneo linalong'aa na ukali wa mng'ao wake.

Ya pili hupima madini ya chuma yenyewe. Chuma huvuruga kidogo uga wa sumaku, na kutokana na uvurugaji huo kompyuta huchora ramani inayoonyesha kiasi chake katika kila sehemu ya ubongo. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson chuma huongezeka katika kiini cheusi, na doa dogo jeupe ambalo kwa mtu mzima wa afya hufanana na mkia wa mbayuwayu hutoweka.

Ya tatu hupima maji yaliyo huru baina ya seli. Seli zinapokufa nafasi huongezeka, na maji katika sehemu ya nyuma ya kiini cheusi huzidi kadiri miaka ya ugonjwa inavyosonga.

Ipo pia njia ya dawa ya mionzi inayochomwa kwenye mshipa, ambayo huonyesha miisho ya seli za dopamini iliyobaki. Mwishowe ipo ultrasaundi inayopitishwa kwenye mfupa mwembamba ulio mbele ya sikio. Wataalamu wa Ujerumani walionyesha mwaka 1995 kwamba kiini cheusi cha wagonjwa hurudisha mwangwi mkubwa kuliko kawaida. Hii ya mwisho ni ya bei nafuu kuliko zote, ingawa hutaka mkono uliofunzwa vizuri. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wenye umri mkubwa, mfupa ni mnene kiasi cha kuzuia mawimbi.

Ni vigumu kutovutiwa na orodha hii. Yule mzee wa bahasha akisikia kuwa ipo mashine inayoweza kukiona kiini cheusi, atauliza iko wapi na inagharimu kiasi gani. Ndiyo maana mipaka ya vipimo hivi inapaswa kuelezwa kwa wagonjwa kwa bidii ileile inayotumika kueleza uwezo wake.

Mipaka ya namba

Mpaka wa kwanza ni kuingiliana kwa namba za wagonjwa na za watu wazima wa afya. Utafiti unaposema wastani wa kundi moja ni mdogo kuliko wa jingine, hausemi kwamba kila mgonjwa yuko chini na kila mwenye afya yuko juu. Mfano mzuri ni ultrasaundi: mwangwi mkubwa huonekana kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi, lakini huonekana pia kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi wasio na ugonjwa. Kwa kuwa wasio na ugonjwa ni wengi mno kuliko wagonjwa, kumpima kila mzee mtaani kungezalisha hofu nyingi kuliko utambuzi.

Mpaka wa pili ni umri. Neuromelanini huongezeka tangu ujana hadi uzeeni, kisha huanza kupungua. Chuma nacho huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Namba isiyolinganishwa na watu wa umri uleule haina maana, na hata ikilinganishwa hutegemea mashine, nguvu ya sumaku, mpangilio wa kipimo na programu iliyotumika. Namba iliyopatikana katika hospitali moja haihamishiwi hospitali nyingine kama joto la mwili linavyosomwa kwenye kipimajoto. Kadhalika, seli za kiini cheusi hufa pia katika magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson lakini yasiyoitikia dawa vizuri, hivyo hata namba iliyo sahihi haitaji jina la ugonjwa.

Mpaka wa tatu ni mzito zaidi, na umethibitishwa kwa gharama ya wagonjwa. Kwa kuwa chuma huongezeka katika kiini cheusi, ilionekana busara kukiondoa. Katika utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, wagonjwa 372 waliotambuliwa karibuni na ambao walikuwa hawajaanza levodopa waligawanywa katika makundi mawili kwa muda wa wiki 36. Kundi moja lilipewa deferiproni, dawa inayotoa chuma mwilini. Jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa. Picha za MRI zilionyesha kile kilichotarajiwa: chuma kilipungua katika kiini cheusi cha waliopewa deferiproni. Lakini wagonjwa hao walizidi kuwa wabaya kuliko wenzao. Takriban mmoja kati ya watano wao ilibidi aanzishiwe dawa za dopamini kabla ya muda wa utafiti kwisha, ilhali katika kundi la pili hawakufika watatu kwa mia. Yumkini sababu ni kwamba kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza dopamini huhitaji chuma hichohicho.

Namba ilipata nafuu, mgonjwa akaumia. Hakuna hoja itakayoeleza vizuri zaidi kwa nini taswira iwe shahidi wa tabibu na isiwe hakimu wake. Yafaa pia kukumbuka kwamba watafiti wale waliujua ukweli kwa sababu hawakuishia kwenye picha: waliwatazama wagonjwa wakitembea, wakaushika mkono na kuukunja, wakahesabu makosa ya vidole.

Funzo kutoka Hai

Nchini Tanzania upo utafiti unaostahili kusomwa sambamba na huo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walifanya sensa ya nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wahudumu waliofunzwa waliuliza maswali machache kuhusu kutetemeka, kutembea na kujigeuza kitandani. Walioonekana kuwa na dalili wakachunguzwa na daktari. Walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson. Walio wengi kati yao hawakuwahi kutambuliwa na mtu yeyote, na kwa hiyo hawakuwahi kumeza hata kidonge kimoja cha levodopa.

Wagonjwa wale hawakufichuliwa na MRI. Walifichuliwa na swali na mkono. Vilevile hawakuwa wamekosa dawa kwa sababu sayansi haijui kitu; dawa ilikuwa na zaidi ya miaka arobaini tangu ithibitishwe. Walikosa mtu wa kuwatazama na kulitaja jina la ugonjwa wao.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba idadi yao iliongezeka maradufu katika miaka 25. Kadiri Waafrika wanavyoishi miaka mingi zaidi, sehemu yao katika hesabu hiyo itakua. Swali la leo kwa zahanati na kituo cha afya ni kama mhudumu atautambua ugonjwa huu ukiingia mlangoni.

Kinachowezekana katika chumba cha tabibu

Kanuni za kimataifa za utambuzi, zilizotolewa mwaka 2015, bado zimejengwa juu ya uchunguzi wa mwili. Sharti la kwanza ni kupungua kwa kasi ya mwendo, pamoja na kutetemeka wakati kiungo kimepumzika au kukakamaa kwa misuli. Mgonjwa huombwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi: je, mwanya unafifia kadiri anavyoendelea? Kifundo cha mkono hukunjwa polepole: je, kinakwama na kuachia kama gurudumu lenye meno? Hutazamwa akitembea ukumbini: je, mkono mmoja hauchezi? Huombwa aandike sentensi mbili. Huulizwa kuhusu kupotea kwa uwezo wa kunusa, kufunga choo, na kupiga kelele au kurusha mateke usingizini. Uchunguzi huu hauzidi dakika kumi na tano.

Swali moja lisisahaulike: mgonjwa anameza dawa gani? Haloperidoli, kloropromazini, na hata metoklopramidi inayotolewa kwa kichefuchefu, huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na za Parkinson. Mgonjwa wa namna hii hahitaji picha ya kiini cheusi. Anahitaji daktari wake aipitie upya orodha ya dawa zake, bila yeye mwenyewe kuziacha ghafla.

Baada ya hapo, jibu la mwili kwa levodopa huwa sehemu ya utambuzi. Mgonjwa anayepata nafuu kubwa na ya wazi kwa dozi ya kutosha ametoa ushahidi wenye uzito kuliko picha nyingi.

Taswira ina mahali pake, na ni haki kupataja. Mgonjwa ambaye dalili zilimjia kwa siku moja, anayeanguka mara kwa mara tangu mwaka wa kwanza, anayeshindwa mapema kuzuia mkojo, asiyepata nafuu yoyote kwa dozi ya kutosha ya levodopa, au mwenye maumivu makali mapya ya kichwa, apelekwe kwenye picha bila kuchelewa. Aliye chini ya umri wa miaka arobaini naye hutaka uchunguzi mpana zaidi, vikiwemo vipimo vya madini ya shaba mwilini. Kwa hawa, picha hutafuta ugonjwa mwingine unaojificha, na kwa kazi hiyo mashine zilizopo nchini zinatosha.

Wajibu wa vyuo vikuu

Itakuwa makosa kuyasoma haya kama wito wa kuziacha sayansi za taswira kwa Ulaya, Marekani na Japani. Kinyume chake ndicho sahihi. Siku dawa ya kupunguza kasi ya kufa kwa seli itakapopatikana, namba za kiini cheusi zitasaidia kujua nani aanze mapema na kama dawa inafanya kazi. Iwapo wakati huo namba za watu wazima wa afya zitakuwa zimekusanywa kwa Wazungu na Waasia pekee, tabibu wa Kiafrika atabaki akimlinganisha mgonjwa wake na watu wasio majirani zake. Ushahidi kwamba tofauti zipo umeanza kuonekana katika nasaba: mwaka 2023, watafiti walioshirikiana na wenzao wa Nigeria walieleza badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, ambalo hupatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Lisingegunduliwa kama damu ya Waafrika isingepimwa.

Basi vyuo vya tiba vya ukanda huu vina kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kuwapima wazee wenye afya wa jamii zao, kwa ultrasaundi na kwa MRI inapopatikana, ili kujenga viwango vya kulinganishia. Kipimo hicho kiwe cha utafiti, kigharamiwe na utafiti, na mgonjwa asitozwe fedha kwa ajili ya namba ambayo bado hakuna anayeweza kuitafsiri. Ya pili, ambayo haipaswi kuisubiri ya kwanza, ni kumfunza kila tabibu na muuguzi ule uchunguzi wa dakika kumi na tano, na kudai kwamba levodopa ipatikane mbali na miji mikubwa kama inavyopatikana dawa ya shinikizo la damu.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, ushauri ni huu. Picha iliyo ya kawaida haifuti ugonjwa wa Parkinson, na picha ghali zaidi haitabadili dawa ya kwanza atakayopewa. Fedha zilizochangwa zitafanya kazi kubwa zaidi zikinunua levodopa ya miezi kadhaa, mazoezi ya viungo, na nauli ya kurudi kliniki. Dawa ikianza isikatishwe ghafla. Mbegu za upupu, ambazo kwa hakika zina levodopa ndani yake, zisitumiwe kwa kukisia, kwani kiasi chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Atakayezitumia amweleze tabibu wake.

Yule mzee mwenye bahasha angeweza kutambuliwa siku ya kwanza, katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, na mhudumu ambaye angemwomba agonganishe vidole na kutembea hadi mlangoni na kurudi. Ng'ombe angebaki zizini.